Watoto wanamaliza chuo cha hoteli hawajawahi kuwasha jiko

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wazazi, wakuu wa vyuo vya hoteli na wenye mahoteli wenyewe, maana msimu wa kuomba vyuo ndo huu, mabango yameshajaa kwenye nguzo za umeme na kwenye magrupu ya WhatsApp ndo usiseme, kozi ya hoteli miezi mitatu, ajira uhakika, hosteli ipo, na mzazi aliyeuza mbuzi wake au aliyekopa kikoba anapeleka hela kwa moyo mweupe akijua mwanae anaenda kuwa shefu.

Mimi ni mpishi kwenye hoteli hapa Dar. Nilianza kwa kuosha masufuria, leo ni msaidizi wa shefu mkuu, na moja ya kazi zangu ni kupokea wanafunzi wa fildi, yaani wanaokuja kujifunza kazi kwa vitendo. Wanakuja na barua ya chuo, logibuku ya kuandika kazi walizofanya, kofia na koti jeupe lililonyooshwa mpaka linang'aa. Ni watoto wazuri, wana adabu, wana hamu ya kazi, akifika anaamkia jiko zima kuanzia shefu mpaka anayemwaga taka. Lakini wengi wao wanafika kwetu wamebakiza muhula mmoja wamalize chuo na hawajawahi kupika, na hapo sisemi kupika vizuri, nasema kupika kabisa, kuwasha jiko, kuweka sufuria, kutia kitu kwenye moto na kukitoa kikiwa chakula cha mtu mwingine kula.

Nitoe mfano mmoja. Alikuja binti wa diploma, mwaka wa pili, anajieleza vizuri, nikampa kuku mzima nikamwambia mvunje vipande nane. Akasimama na kisu mkononi anamwangalia yule kuku, nikadhani labda hajanisikia kwa kelele za feni. Nikarudia. Akaniambia kwa sauti ya chini, Shefu, hii sisi tulioneshwa kwenye projekta. Nikamwomba daftari lake nikalisoma wakati wa mapumziko, jamani, mwandiko mzuri, kila kitu kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, sosi mama tano za Kifaransa, zile za msingi zinazozaa nyingine, zote zipo, beshameli, velute, espanyole, holandezi na ya nyanya, historia ya Escoffier, yule shefu maarufu wa Kifaransa, ipo na jinsi alivyopanga jiko kila mtu na kituo chake, aina za kukata mboga zimechorwa na rula kabisa na vipimo vya milimita pembeni. Nikampa karoti akate hivyo hivyo alivyochora na hakuweza, vidole vyake vyote vimenyooka mbele ya kisu, yaani akikosea kidogo tu ameondoka na kucha.

Basi tukaanza mwanzo kabisa. Kukunja vidole ili kisu kitembee kwenye pingili na siyo kwenye ncha za vidole, kuweka kitambaa kibichi chini ya ubao usiteleze, kupangusa kisu ukitazamisha makali nje. Kwa kuku nilimwonesha unavuta paja nje mpaka ngozi ikaze, unaipasua ngozi tu, halafu unalikunja paja kinyume mpaka kifundo kitoke chenyewe, ukifika hapo kisu kinapita kwenye kiungo bila kulazimisha na hakigusi mfupa. Ni kitu cha dakika chache kukionesha. Lakini mkono ukijue lazima uvunje kuku wengi, na kuku wengi ni hela, na hapo ndo penye siri ya haya yote ninayoyaandika.

Maana tukiongea ukweli, kufundisha upishi ni gharama. Gesi ni hela, nyama ni hela, mafuta ya kupikia ndo kabisa, sufuria nzito na oveni na friji na mtu wa kusafisha vyote ni hela. Darasa la nadharia linahitaji viti, ubao na mwalimu mmoja. Sasa chuo kinachotafuta faida kinaangalia pande zote mbili na kinachagua viti. Unakuta chuo kina wanafunzi wa upishi wamejaa darasa na jiko la mafunzo ni chumba kimoja chenye jiko la gesi la plet nne kama la nyumbani, mwalimu anapika, wanafunzi wamezunguka wanapiga picha kwa simu, waliosimama nyuma hawaoni hata sufuria, halafu inaandikwa kwenye ratiba kwamba praktiko imefanyika. Au wanaambiwa wachange kununua vitu, kundi la watu wengi kuku mmoja, mwenye bahati anakoroga, mwingine anaosha vyombo, siku imeisha. Ni sawa na kumpa mtu cheti cha ukunga hajawahi kuingia leba.

Na mtaala wenyewe hausemi hivyo. Mfumo wetu wa vyuo vya ufundi, iwe ni hizi ngazi za vyeti na diploma, NTA ya 4, ya 5 na ya 6, zinazosimamiwa na NACTVET, lile baraza la taifa la elimu ya ufundi, au ngazi za VETA, mamlaka ya ufundi stadi, umejengwa kwenye umahiri, maana yake mwanafunzi anatakiwa apimwe kwa kile anachoweza kufanya kwa mikono yake. Kwenye karatasi tuko vizuri kabisa. Ndo maana naomba wakaguzi wakienda chuoni wasiishie ofisini kuangalia mafaili na idadi ya madawati, waombe risiti za gesi. Kweli kabisa, waombe risiti za gesi, za nyama na za mafuta za muhula mzima, wagawanye kwa idadi ya wanafunzi, watajua pale ndani watu wanapika au wanaandika. Halafu waende siku ya praktiko bila kuaga, wamshike mwanafunzi yeyote wamwambie tupikie yai, yai tu, omleti, waone.

Kuna watu watasema nadai makubwa, vyuo vyenye jiko la kweli haviwezekani kwetu. Vinawezekana na vipo. Hapa hapa Dar wazee waliosomea hoteli zamani wanalikumbuka jengo la Forodhani, lile lililokuwa klabu ya Wazungu wakati wa mkoloni na baadaye likawa Mahakama ya Rufani, katikati hapo lilikuwa hoteli na watu wakajifunza kazi mle mle ndani. Mgeni anakaa, mwanafunzi anahudumia, mwalimu yuko nyuma ya bega lake. Leo VETA ina chuo cha hoteli na utalii pale Njiro, Arusha, chenye hoteli yake inayopokea wageni wanaolipa. Majirani zetu Kenya, Chuo cha Utalii pale Nairobi barabara ya Thika, kilichoanza 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi, kina hoteli yake hapo hapo, na nimefanya kazi na watu waliopita pale, mtu wa Utalii ukimwekea oda kumi mezani kwa mpigo haparaganyiki, anajua aanze na ipi, ipi inasubiri, ipi inapikwa pamoja na ipi. Hiyo hufundishwi ubaoni. Unaipata ukishawahi kusubiriwa na mteja mwenye njaa.

Na siyo lazima chuo kijenge hoteli. Chuo cha kawaida kabisa kinaweza kufungua mgahawa mdogo mlangoni, wanafunzi wanapika chakula cha mchana, wali maharage, samaki, mchicha, chapati, wafanyakazi wa ofisi za jirani wanakuja kula kwa bei ya kawaida, hela inayopatikana inanunua vitu vya kesho. Gharama ya praktiko inajilipa yenyewe au angalau nusu yake. Mwanafunzi anajifunza kununua sokoni, kupima, kutotupa, anajifunza kwamba ukikosea chumvi kwenye sufuria ya watu hamsini kuna watu hamsini wamekosa chakula. Sijui kwa nini vyuo vingi havifanyi hivi, maana mama lishe anafanya kila siku bila projekta.

Hapo kwa mama lishe nataka nikae kidogo. Tuna akina mama mjini hapa wanaopika pilau la sufuria kubwa kwa mkaa, kila siku liko vile vile, halijaungua chini wala juu halijabaki mchele, na mama huyo hana saa ya jikoni, anajua kwa harufu na kwa mlio wa sufuria. VETA ina utaratibu mzuri wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya chuo, wapishi na wahudumu wa chakula wamo, unapimwa unapewa cheti chako. Ni jambo zuri sana na halijulikani vya kutosha, naomba magazeti yaliandike. Ila mimi naenda mbele zaidi, nasema vyuo viwaite hao akina mama waje kufundisha. Siku moja kwa wiki tu, alipwe kama mwalimu wa muda, asimame mbele ya wanafunzi wa diploma awafundishe pilau, na wanafunzi wapike wenyewe yeye akiwasahihisha.

Kwa sababu kuna jambo jingine linaniuma. Mwanafunzi anakuja anazijua sosi mama za Kifaransa kwa majina, mwambie apike samaki wa nazi anatia tui lote kwa pamoja kwenye moto mkali, linakatika, mchuzi unakuwa maji chini mafuta juu. Hajafundishwa kwamba tui jepesi ndo linaanza, linachemka na viungo na samaki, halafu kasimile, yaani tui zito, inaingia mwishoni moto ukiwa mdogo na unakoroga upande mmoja taratibu mpaka lishikane. Bibi yake anajua. Chuo hakijamfundisha kwa sababu kwenye noti zake chakula cha kwetu kimewekwa ukurasa mmoja mwishoni, kimeandikwa vyakula vya asili, basi. Wageni wanaokuja Zanzibar na Dar na Arusha wamekula beshameli kwao maisha yao yote. Wanauliza pweza, wanauliza biriani, urojo, mtori, ndizi nyama, wanauliza hii chapati yenu inafanywaje mpaka inakuwa na tabaka hivi. Nataka mwanafunzi ajue vyote viwili, sosi za Ulaya azijue vizuri kwa sababu ni msingi wa jiko la hoteli dunia nzima na ukienda kutafuta kazi nje utaulizwa, na chakula cha kwetu akijue kwa kiwango hicho hicho, kwa vipimo, kwa kuandika, aweze kukirudia leo na kesho ladha ile ile.

Usafi na usalama wa chakula, hapa naomba wazazi mnisikilize kwa sababu ni maisha ya watu. Chakula kikikaa kati ya nyuzi joto 5 na 60 kwa muda mrefu bakteria wanazaliana, kuku inabidi afike nyuzi 74 katikati ya nyama, ubao wa nyama mbichi haukatiwi kachumbari. Wanafunzi wanaziandika hizi namba kwenye mtihani na wanapata maksi. Halafu jikoni nakuta sufuria ya wali wa jana usiku imeachwa juu ya meza mpaka asubuhi ili ikaangwe kwa ajili ya bufee, na aliyeiacha ana A kwenye somo la usafi. Wali uliopikwa ukiachwa kwenye joto letu hili la pwani unaota vijidudu vinavyotoa sumu ambayo hata ukiukaanga upya haiondoki. Nyumbani tunakula viporo tumezoea, hotelini unaua biashara ya watu na unaweza kuua mtu.

Na aleji. Mgeni mmoja alimwambia mhudumu hali karanga, mhudumu akaandika vizuri kwenye oda, oda ikafika kwa kijana wa fildi aliyekuwa anapanga saladi, yeye akaziondoa karanga kwa kijiko akapeleka sahani ile ile. Kwa bahati nzuri mwenzetu aliona kabla haijatoka mlangoni. Nilipomkalisha yule kijana alishangaa kweli, alidhani mgeni hapendi tu karanga kama mtu asivyopenda bamia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mtu unga kidogo tu wa karanga unamfunga koo asipumue. Miaka miwili chuoni. Sasa huyo mtoto nimlaumu nini?

Nimesema vyuo, sasa niseme na sisi wa hotelini maana hatuko safi. Kuna mahoteli mtoto wa fildi ni mfanyakazi wa bure. Anawekwa kwenye vitunguu, anamenya vitunguu na viazi tangu anafika mpaka anaondoka, miezi mitatu, haguswi na mtu wala hafundishwi, mwisho logibuku inajazwa kwa siku moja na kupigwa muhuri kwamba amepita jiko la moto, jiko baridi, mikate na keki. Anaingia saa 11 alfajiri shifti ya chakula cha asubuhi, nauli yake mwenyewe, chakula anasubiri mabaki ya bufee. Nafahamu kijana aliyemwagikiwa na mafuta ya moto mkono mzima kwenye hoteli moja, hoteli ikasema ni mwanafunzi wa chuo, chuo kikasema alikuwa kazini hotelini, dawa na bandeji amenunuliwa na mama yake anayeuza maandazi. Mpaka leo naumia nikikumbuka, maana kilichohitajika ni barua ya fildi kuandikwa wazi kabla hajaanza, akiumia nani analipa. Mstari mmoja.

Kwa mabinti ni zaidi. Anatoka saa 5 usiku hamna daladala, analala kwenye kiti cha stafu au anakubali lifti ya mtu. Na kuna wakubwa jikoni na kwenye meza ya chakula na hata baadhi ya walimu wanaokuja kusimamia fildi, wanadai ngono ili wajaze maksi au watoe kazi. Hili linajulikana na linanong'onwa tu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kifungu cha 25 inasema kutumia madaraka yako kudai ngono ni rushwa na ni kosa la jinai. Binti akianza fildi aambiwe hivyo siku ya kwanza, na apewe namba ya mtu chuoni, mwanamke, ambaye akipigiwa atapokea. Kwenye jiko letu sasa hivi hatumpangi mwanafunzi wa kike shifti ya usiku bila usafiri, nimelipigania hilo na halijagharimu hoteli hela ya kutisha.

Halafu fildi yenyewe ni fupi mno. Ujerumani na Uswisi mtoto anayesomea upishi anakaa miaka mitatu, siku nyingi za wiki yuko jikoni kwa mwajiri analipwa posho, siku moja au mbili anaenda shule. Na hapa kwetu uanagenzi wa namna hiyo upo, serikali na vyama vya waajiri na wafanyakazi pamoja na Shirika la Kazi Duniani waliuanzisha kwenye kazi za hoteli, Chuo cha Taifa cha Utalii kimo, Zanzibar nako upo kupitia SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar. Mwanagenzi ukimpokea unamjua kabla hajafungua mdomo, namna anavyofunga aproni na anavyosimama mbali na mlango wa oveni. Nashangaa kwa nini imebaki ni kitu cha wachache wakati ndo ingetakiwa iwe njia ya kawaida na hizi kozi za projekta ziwe za kando.

Wakati wenyewe ndo huu. Mwaka 2023 nchi ilipokea watalii wa nje kama milioni 1.8, mwaka 2024 wakapita milioni 2.1, Zanzibar peke yake kwa huo mwaka wa 2024 ilipita laki saba, na AFCON ya 2027, mashindano ya soka ya Afrika, ni yetu pamoja na Kenya na Uganda. Mahoteli yanajengwa kila kona. Na wenye mahoteli wanasemaje? Wanasema wapishi wakuu wa kwenu hawapo, tunaleta kutoka nje. Inaniuma kuisikia kauli hiyo na inaniuma zaidi kwa sababu nikiangalia watoto wanaoletwa kwangu naelewa inatoka wapi. Hata wale wanaotafuta kazi Oman, Dubai na Qatar, wakala anawapokea vyeti vizuri, siku ya usaili mwajiri hasomi cheti, anamsogezea kapu la vitu anamwambia una saa moja, pika. Wengi wanarudi nyumbani hapo hapo na hela ya wakala imeshaliwa.

Sasa mzazi, kabla hujalipa ada, nenda chuoni mwenyewe, usitume hela kwa simu kwa mtu aliyekuandikia inboksi. Angalia kwanza chuo kimesajiliwa NACTVET na hiyo kozi unayoitaka imo, maana kuna chuo kimesajiliwa kwa kompyuta kinafundisha na upishi humo humo. Halafu omba uoneshwe jiko. Ukiambiwa jiko limefungwa, mwenye ufunguo ametoka, rudi siku nyingine, ukiambiwa hivyo tena ondoka. Ukilipata angalia masufuria, sufuria inayotumika ina weusi chini na mikwaruzo ndani, sufuria mpya zilizopangwa kabatini ni za maonesho. Uliza kila mwanafunzi anasimama jikoni mara ngapi kwa wiki, vitu vya praktiko nani ananunua, viko ndani ya ada au ni mchango wa pembeni. Uliza mwalimu wa upishi amewahi kufanya kazi hoteli gani. Halafu usimalizie kwa mkuu wa chuo, kaa pale getini umngoje mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetoka, muulize mwanangu, wiki hii umepika nini. Akianza kufikiria, umeshapata jibu lako.

Wenzangu wa mahotelini, tumpokee mwanafunzi kwa idadi tunayoweza kuifundisha. Mimi napokea wachache na kila mmoja ana mtu wake anayemfuata, na kila baada ya muda anahama kituo, jiko la moto, jiko baridi, mikate, bucha, stoo. Ndiyo, stoo pia, aone bei ya vitu. Anakula chakula cha stafu kama stafu. Tumeajiri kadhaa kati yao na yule binti wa kuku ni mmoja wao, sasa hivi yuko kwenye samaki, na mtu akileta samaki changu ambaye macho yameingia ndani anamrudisha bila kuja kuniuliza.

Na wakuu wa vyuo, barua zenu za fildi zitaanza kuingia hivi karibuni, nami nitazipokea kama kawaida. Ninachoomba, mleteni mtoto akiwa na viatu vilivyofunikwa mbele na visivyoteleza, siyo raba za kitambaa, awe amepimwa afya, awe amekata vitunguu na kuvunja kuku kwa mkono wake hata kama ni vibaya, na supavaiza mnayemtuma aje kati ya saa 6 na saa 8 mchana wakati oda zinalia, aingie jikoni asimame nyuma ya mwanafunzi wake amwangalie akifanya kazi. Kiti cha ofisini na soda tutampa baadaye.

Ni mimi mpishi,
Dar es Salaam